Mgeni Hupewa Njia ya Jana

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kuwauliza watu watakubali kutembea mpaka wapi ili wapige kura. Kwa Kiswahili inasikika kama mchezo wa watoto. Kwa Kifaransa ilikuwa na jina refu lililobeba sayansi ya data, demokrasia na udaktari kwa pamoja, na mama yangu alijaribu kulikariri ili awaambie wenzake kanisani. Alishindwa, akaishia kusema, “Anafanya kazi ya kura na ordinateur,” yaani kompyuta. Wakamshangilia.

Nafasi yenyewe huitwa ya kabla ya udaktari. Aliye nayo si mwanafunzi tena, na bado si mtafiti kamili. Unamfanyia profesa kazi kwa muda, na akipendezwa nawe mlango wa udaktari unafunguka. Profesa wangu alikaa ng’ambo. Sikuwahi kumshika mkono. Nilimjua kwa uso kwenye skrini na kwa sauti iliyokatika kila mtandao wa mji wetu wa Butembo ulipopumua vibaya. Alitaka kutengeneza modeli, yaani hesabu kubwa inayolishwa mahali watu wanapoishi, vilima, mito, barabara na hatari, kisha inasema vituo vya kura viwekwe wapi. “Ili pasiwe na mtu anayelazimika kuchagua kati ya kura yake na roho yake,” aliniambia siku ya kwanza. Niliipenda sentensi ile kama mtu anavyopenda wimbo. Niliirudia nikiwa nyuma ya pikipiki, nikairudia sokoni nikinunua nyanya.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Harufu ya mpira mpya na mafuta ilipanda kupitia mbao za sakafu ikakaa kwenye nguo zangu. Dirishani niliona vilima vya mikaratusi, ukungu ukishuka juu yao asubuhi na kukataa kuondoka. Mwaka ule watu wa Kayna, upande wa kusini, walikuwa wameanza kufika mjini na magodoro vichwani, na kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na mtu wa ziada anayelala sebuleni. Kusini kulikuwa na vita vya mizinga. Kaskazini, upande wa Beni, kulikuwa na wale wanaokuja kimya, mashambani, na mapanga. Butembo ilikuwa kama mtu aliyelazwa kati ya wagonjwa wawili, akisikiliza pumzi zao.

Profesa aliajiri vijana wa kuuliza maswali, akawapa vizibao vya rangi ya chungwa na tablette. Waligawana maeneo, kila moja likipitiwa na zaidi ya mtu mmoja. Sehemu ya kutoka Mavivi kupanda mpaka Eringeti niliiomba mwenyewe, kwa sababu mama mdogo wangu alikuwa huko.

Mama mdogo ndiye kitinda mimba wa bibi yangu. Ni shemasi katika kanisa letu la Kiprotestanti, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mlimaji na kicheko kinachotangulia maneno. Shamba lake la kakao liko karibu na Eringeti, na ndiko liliko kaburi la mumewe. Baada ya majirani kuuawa alikimbia, akapanga vyumba viwili Mavivi, si mbali na uwanja wa ndege. Ndege ikitua, mabati ya nyumba yake hulia kidogo, kama sahani iliyoguswa.

Nilipofika aliwaita wenzake. Walikuja wanawake wa kijiji chake, wote wapangaji kama yeye, wakaketi uani na mabeseni ya maharage mabichi. Hawakuacha kumenya walipokuwa wananitazama.

“Karibu, mama ya ba-élections!” mmoja alisema, mrefu, mwenye pengo la meno. “Ile tablette inakamataka mpaka roho?”

“Inakamata sauti tu, mama.”

“Basi inyamazishe kwanza. Tukuulize. Unatafuta fasi ya kura kila siku. Fasi ya bwana utatafuta lini?” Fasi kwetu ni mahali.

“Mumuache,” mama mdogo alisema. “Bwana atakuya na barua ya docteur.”

“Docteur wa kuchoma sindano?”

“Hapana. Docteur wa kuhesabu.”

“Eh! Huyo atahesabu mpaka chumvi mu sufuria!”

Walicheka mpaka beseni moja likainama. Nami nilicheka. Kisha nikawasomea karatasi ya ridhaa, kama sheria ya utafiti inavyotaka: kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba mtu anaweza kujitoa siku yoyote na maneno yake yatafutwa. Waliitikia kwa vichwa kama watu wanaosikiliza matangazo ya kanisa. Nikafika kwenye swali lenyewe: kama kituo cha kura kingewekwa mahali mnapochagua wenyewe, mngechagua wapi?

Vidole vilisimama. Walitazamana, kisha wote wakamtazama mama mdogo.

Alifuta mikono kwenye kikwembe chake. “Huyu ni mutoto yetu,” alisema. “Mumuambie.”

Wakaniambia. Kulikuwa na kanisa dogo lililokwisha kuezuliwa, katikati ya vijito viwili, mbali na barabara kubwa. Nyuma yake njia za mashambani zinakutana. Hapo ndipo wanapokutana wao kila wanaporudi kwa siri kuvuna kakao. Siku wanapatana kwa mdomo, hawaiandiki, hawaitaji kwenye simu. Mmoja hutangulia na kikapu cha sombe, majani ya muhogo, kichwani, kama mtu anayekwenda sokoni. Akigeuka njiani, wote wanageuka bila kuuliza. Wakikuta nyasi za nyuma ya kanisa zimelala vibaya, wanageuka pia. Kama serikali inataka wapige kura kwao, walisema, iweke sanduku pale. Wao pale wanajua kufika.

Nilibonyeza skrini. Nukta ya buluu ikatokea kati ya vijito viwili, imekaa vizuri, kama punje iliyopata udongo.

“Na yule kijana wa kizibao, hajafika hapa?” niliuliza, maana niliona jina la mtaa ule kwenye kazi yake pia.

Kicheko kilirudi chote kwa mara moja.

“Wa gilet? Alifika,” alisema yule mrefu. “Tulimupa njia ya jana.”

Msomaji asiye wa huko lazima nimweleze. Kwetu, mgeni akiuliza njia unayopita, au siku unayokwenda, au mahali unapolala, humfukuzi wala humnyamazii, kwa sababu kunyamaza nako ni kusema. Unampa njia ya jana. Unamtajia ile uliyokwisha kuipita na kuiacha. Si uongo kamili. Jana ilikuwa kweli. Mashemasi hufanya hivyo, walimu hufanya hivyo, watoto wanaotumwa maji hufanya hivyo. Hakuna aliyewafundisha. Vifo ndivyo vilivyofundisha.

“Na akiifuata?” niliuliza.

“Akiifuata atakuta nyayo zetu. Atasema, hii bamama iko bakweli!”

Mama mdogo hakucheka safari hii. Alinisogelea, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani. “Mama, mimi nataka kupiga kura kule kwetu. Carte yangu ya kura ni ya kule. Ile mwaka balisema Beni na Butembo tungojee, juu ya ugonjwa na vita, benzetu ba inchi yote bakapiga bila sisi, unakumbuka? Nilivaa kikwembe ya dimanche, ya kanisa, nikakaa tu mu lupango, uani kwangu. Nikaona kama miye si mutu. Uwaambie kule ng’ambo. Baweke ile sanduku.”

Nilimwahidi kwamba nitasema.

Nilirudi Butembo na kazi ikaanza hasa. Siku za mvua nilikaa na ramani kwenye skrini, nukta za kila kijana zikiwa na rangi yake. Za chungwa, za kijani, za njano, zilikuwa zimetawanyika kama mtama uliomwagwa na mtu aliyeshtuka: hii mtoni, hii juu ya mlima usio na njia, hii katikati ya msitu. Zangu za buluu zilikuwa zimekusanyika. Kila mwanamke wa uani kwa mama mdogo alikuwa ameonyesha mahali palepale.

Profesa alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alisogeza uso karibu na kamera. Data ya wengine ni chafu, alisema, hao vijana hawakuuliza vizuri. Yako ni safi. Akasema tutaijenga modeli juu ya sehemu yangu, na makala yetu itaonyesha mfano huo, na kwamba mfano huo peke yake unaweza kunipeleka kwenye udaktari. Akaongeza, kama jambo la kawaida, kwamba majarida ya siku hizi yanataka data yote iwekwe kwenye hifadhi ya wazi, ili mtu yeyote, popote, aweze kuikagua.

Mtu yeyote, popote. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu chuoni, na daima yalinukia haki. Asubuhi ile yalifika masikioni mwangu yakiwa yamevaa buti.

Nilizitazama tena nukta zilizotawanyika. Vijana wa vizibao walikuwa wameuliza vizuri kabisa. Watu walikuwa wamejibu vizuri zaidi. Ile ramani yote ya rangi ilikuwa ya njia za jana, kilomita kwa kilomita, kazi ya umma mzima uliojificha bila kupatana. Na katikati yake kulikuwa na mahali pamoja tu pa kweli, pa buluu, pametajwa kwa sababu aliyeuliza alikuwa mtoto wa nyumbani.

Siku chache baadaye mtu alipanda ngazi za ofisi.

Ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika, na Butembo mvua ikikatika kila mtu hutembea na udongo mwekundu mpaka magotini. Yeye viatu vyake havikuwa na tope. Ndicho nilichokiona kwanza, nikajiuliza ameletwa na nini mpaka mlangoni. Alikuwa mtu wa makamo, koti safi, uso wa upole kama wa mwalimu anayesahihisha. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezoea Kilingala, na salamu yake ilikuwa ya lugha hiyo.

“Petite, mbote. Ni hapa munatengeneza carte, ile ramani ya fasi batu banapitaka?”

“Ni ya vituo vya kura, papa.”

“Ni moja. Mutu akienda kura, si anapita njia?” Alitabasamu. “Mimi niko wa Leta.”

Leta ni serikali. Hakusema ofisi ipi, nami sikuthubutu kuuliza. Alizunguka chumba taratibu, akatazama dirisha, akatazama mashine iliyozimwa. Nilikuwa nimeizima niliposikia ngazi zikilia; sijui kwa nini.

“Itaisha lini?”

“Bado, papa. Ni kazi ya profesa.”

“Hakuna haraka. Nasikia itakuwa mu internet, ya bure. Ni bien, ni muzuri. Sisi bote tutasoma.” Mlangoni aligeuka. “Unakaa na nani hapa Butembo?”

“Na jamaa.”

“Ni bien,” alisema tena, akashuka.

Mpaka leo sijui alikuwa nani. Huenda alikuwa mtumishi mwaminifu aliyetaka kujua askari wapelekwe wapi siku ya kura. Tunao watu hao, wametoka majimbo ya mbali, wanakaa kwetu na mishahara inayochelewa, na wengine wamekufa kwa ajili yetu. Huenda alikuwa mwingine. Ubaya wa nchi yetu ni kwamba sauti zote mbili zina upole uleule.

Nilimwandikia profesa, naye akanipigia saa ileile. Si mtu mbaya, nilimwona akipauka. Alisema kuna dawa ya jambo hili, inatumika kila mahali. Unaichukua kila nukta, unaisogeza kwa bahati nasibu, huku au kule, umbali wa kutembea asubuhi nzima. Ramani inabaki na maana kwa hesabu, lakini hakuna anayeweza kuifuata mpaka mlango wa mtu. Alinitumia programu. Nilishukuru kwa moyo wote.

Niliiendesha. Nukta ya buluu ikaruka kijito, ikatua upande wa pili kwenye kilima.

Kilima kile nakijua. Kuna familia pale inayokamua mawese. Baba yao alitubeba mimi na dada yangu kwenye baiskeli tulipokuwa wadogo, siku ya ubatizo. Nukta ilikaa juu ya nyumba yao, ikitangaza kwa namba zake mbili safi za mahali kwamba wanawake hukutana hapa, njia hii, kwa ajili ya mavuno.

Nikaendesha tena. Ikatua pembeni ya shule. Nikaendesha tena. Ikatua kwenye bonde ambako wakimbizi wa vijiji vya juu walikuwa wamejenga vibanda. Nilikuwa nikiibonyeza kama mtu anayerusha jiwe gizani na kusikiliza. Profesa aliona nafasi tupu kati ya nukta, na kwa macho ya ng’ambo ilikuwa tupu kweli. Mimi kila nilipolirusha jiwe lilimpata mtu ninayemjua, au mtu anayejulikana na mtu ninayemjua. Bahati nasibu haikuwa na mahali pa kutua pasipo na mtu. Kumwondolea mama mdogo hatari kulikuwa kuichukua mkononi na kuiweka kwenye mlango mwingine, bila hata kubisha.

Nilipanda gari kurudi Mavivi, upande wa Beni. Dereva alikuwa amefungua nyimbo za kwaya kwa sauti kubwa, na kila tulipokaribia kizuizi aliipunguza, kama mtu anayevua kofia.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake. Alikuwa anafua. Mikono yake ilibaki ndani ya maji ya sabuni muda mrefu.

“Ile fasi iko mu mashini?” aliuliza.

“Iko, mama mudogo.”

“Na yule mutu wa koti anajua?”

“Anajua kuko carte. Hajaiona.”

Aliwaita wenzake. Niliwaeleza kama nilivyoweza, pamoja na habari ya nukta inayoruka. Yule mrefu alinielewa kabla sijamaliza.

“Donc, ni kusema, ukiitoa kwetu inaenda kwa Tate, ule muzee wa mawese?”

“Inaweza.”

“Ile ni ulozi,” alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mwingine alipendekeza niweke nukta kwenye soko la zamani lililoungua, kule hakuna hata mbwa. Nilimwambia siwezi kuandika mahali ambapo hawakupasema. “Basi tunapasema sasa!” akajibu. “Eh, andika! Sisi tunapendaka kupigia kura mu majivu!” Hapo wachache wakacheka, kwa pua.

“Hapana,” mama mdogo alisema. “Akiandika uongo batamufukuza, na hata ile soko iko na njia zinapita pembeni.” Akanigeukia. “Ile siku ulisoma karatasi. Ulisema mutu anaweza kutoka.”

“Ndiyo.”

“Tukitoka, maneno yetu yote inafutika?”

“Yote. Lakini mama mudogo, mukitoka, kwenye ile hesabu kijiji chenu hakiko. Haitasema sanduku liwekwe karibu. Itakuwa kama hakuna mutu anayetaka kupiga kura kule.”

Aliitoa mikono majini. Ilikuwa imekunjamana, myeupe kwenye ncha za vidole. Nilijua anafikiria kikwembe cha dimanche, nami nikatazama pembeni.

“Kura itarudia,” alisema mwishowe. “Mutu harudiake. Tutoe.”

Wakajitoa mmoja mmoja, kwa mdomo, mbele yangu, kama sheria inavyotaka. Jioni haijafika nilikuwa nimefuta kila kitu: sauti, nukta, majina ya siri niliyowapa. Nilimwandikia profesa kwamba washiriki wa sehemu yangu wameondoa ridhaa. Alijibu kwa mistari michache yenye adabu. Alisema ni haki yao. Hakusema tena habari ya udaktari.

Kazi ikaendelea na data ile aliyoiita chafu. Ilibidi profesa awatumie washirika wa mradi nakala ya kwanza ya ramani watoe maoni, na aliituma. Ndivyo kazi hizi zinavyokwenda. Nami niliona tumetoka salama. Nilianza kulala vizuri. Nilianza hata kupanga sentensi za hadithi ninazopenda kuandika nikiwa njiani, jambo lililokuwa limenikimbia.

Kisha ngazi zikalia tena, mchana, jua likiwaka.

Alinisalimu kama mtu wa nyumbani. Aliketi bila kuambiwa, akaingiza mkono ndani ya koti akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri, akaikunjua juu ya meza yangu na kuilainisha kwa kiganja. Ilikuwa ramani yetu. Ilikuwa na rangi zote.

“Batu banaongea sana,” alisema kwa kuridhika. “Huku banaongea, huku banaongea, hata juu ya mulima banaongea.” Kidole chake kilitembea polepole kutoka Mavivi kwenda juu, kikapita nukta za chungwa, kikapita za kijani. Kikasimama.

Niliona wakati ule alichokuwa ameona yeye. Kati ya mtama ule wote uliomwagwa kulikuwa na doa jeupe, duara kidogo, kama mahali pa moto panapoachwa kwenye nyasi. Kila upande watu walikuwa wamejibu. Pale tu hakuna aliyejibu. Nilikuwa nimeifuta ile kweli kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba lilibaki umbo lake.

“Na hapa?” aliuliza. “Batu ba hapa ni bububu?”

“Walijitoa, papa. Ni haki yao.”

“Balijitoa.” Alilitafuna neno. “Kumbe balikuwa baliingia.”

Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akairudisha kotini upande wa moyo.

“Aksanti, petite. Usome sana. Inchi inataka batu ba kusoma.”

Nilisubiri nyayo zake ziishe mtaani ndipo nikapiga simu. Mama mdogo alipokea, na nyuma yake ndege ilikuwa inatua.

“Mama mudogo, musiende. Tafadhali. Kule nyuma ya—”

“Kwenda wapi?” alinikata. Sauti yake ilikuwa ngeni, nyepesi, ya mtu anayeongea mbele ya wateja. “Sisi hatuna fasi ya kwenda. Tuko hapa tunakaa. Kwenu mvua inanyesha?”

“Mama mudogo—”

“Salimia mama yako. Umuambie nilipata ile sabuni.” Akakata.

Hakukuwa na sabuni yoyote. Nilikaa na simu mkononi, nikielewa kwamba amesikia, na kwamba amekwisha kuanza kunificha njia, kama mgeni.

Hawakwenda. Ulikuwa msimu wenyewe, kakao imeiva, na wakaiacha. Kila juma nilijua ni nini kinaoza kule juu: kodi ya vyumba viwili, ada za shule, mabati aliyoyaota. Hakulitaja kamwe. Nilimwandikia profesa barua ndefu kuliko zote, nikamweleza doa jeupe, nikamwomba asichapishe nukta hata moja, ya kweli wala ya jana, bali jumla tu za wilaya nzima, ambazo hazimwelekezi mtu popote. Alibishana nami kwa siku kadhaa, kisha akakubali. Makala ikawa nyembamba. Niliendelea na nafasi yangu, nikifanya hesabu za nchi nyingine, mahali ambako sikumjua mtu.

Msimu ulikuwa umepita jeshi liliposindikiza wakulima mchana kweupe, malori mbele na nyuma, kila mtu akaone shamba lake na kurudi. Yule mwanamke mrefu alikwenda. Mama mdogo alibaki, mguu ulikuwa unamuuma. Nilikuwa nyumbani kwake mwenzake aliporudi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakuomba maji.

“Kakao?” mama mdogo aliuliza.

“Imekauka juu ya miti. Nyeusi. Hakuna mutu alikata.”

“Hata moja?”

“Hata moja.” Akaketi. “Nilipita nyuma ya kanisa.”

Mama mdogo akamsogelea.

“Balichukua matofali ya ukuta,” alisema. “Balipanga, moja moja, mustari, kama mabenchi. Bilikuwa biti bya kukaa. Byote binatazama njia yetu. Hapana barabara, hapana mto. Njia yetu tu, pale tunatokeaka mu migomba.” Alionyesha kwa mikono, viganja vikiwa sambamba. “Bikopo bya sardini biko chini. Na moto.”

Labda walikaa pale kabla ramani yangu haijazaliwa. Labda walikuwa askari wanaopumzika, maana askari nao hula sardini. Nililisema hilo kwa sauti, na wanawake wawili wakanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza kama aliyezikwa atasikia baridi.

“Walikaa muda?” mama mdogo aliuliza.

Nje, mabati yalianza kulia, ndege inakuja.

“Niliinua tofali moja,” mwenzake alisema. “Nyasi ya chini ilikuwa imekufa.”